Kabla Hujalipa Kodi ya Miezi Sita Mikindani

Dalali wa Mikindani, mji mkongwe wa pwani ya Mtwara, akikuambia "njoo saa nne asubuhi tukaione nyumba", mwulize kwanza mwezi una siku ngapi. Si mzaha. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya pwani hii hujaa karibu saa kumi alfajiri na tena karibu saa kumi jioni. Katikati yake, saa nne asubuhi, yamekupwa hasa. Utaikuta ghuba tupu, ngalawa zimelala ubavu kwenye tope, kina mama wanaokota chaza mbali kule, na ukuta wa nyuma wa nyumba umekauka kau. Utalipa kodi ya miezi sita huku unacheka. Jioni ileile bahari inarudi na zaidi ya mita 3 za maji, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini kabati la chumba cha nyuma lilikuwa limewekewa matofali miguuni.

Sisi tuliopanga, tuliopangisha na tuliopiga lipu katika mji huu mkongwe tumefika mahali pamoja: huchagui nyumba kabla ya mtaa, na mtaa huuchagui kwa macho. Unauchagua kwa maji. Maji ya bahari yanayoingia, ya mvua yanayoshuka kilimani, na yale ya ardhini yanayopanda ukutani kimyakimya. Mlango wa nakshi, roshani, Boma la Wajerumani likionekana kwa mbali, hivyo vinasubiri.

Mgeni huchanganya Mtwara na Mikindani kwa sababu manispaa ni moja. Mji wa Mtwara ni wa juzi. Ulikua pale mpango wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga ulioanza 1947 ulipohitaji bandari ya maji marefu, ndiyo maana mitaa yake ni mipana na imenyooka. Ukipanga Shangani au Majengo, mengi ya haya tunayoyasema hayakuhusu. Mikindani, kilomita kama 10 kwa barabara ya Lindi, ndio mji wenye umri. Majahazi yalikuwa yakitia nanga hapa muda mrefu kabla mmisionari Livingstone hajashuka Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Wajerumani nao walipojenga Boma mwaka 1895 hawakulijenga ufukweni penye bandari, walilipandisha kwenye mteremko. Labda walifikiria ulinzi kuliko mafuriko, lakini miguu yao imebaki mikavu mpaka leo.

Ukiuliza majina ya mitaa, mtu wa manispaa atakutajia kata: Magengeni, Mitengo, Mtonya, Kisungule. Mkazi atakutajia msikiti, mwembe au kisima. Fuata lugha ya mkazi, maana ndani ya kata moja nyumba mbili zilizopishana hatua hamsini zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa. Kinachozitofautisha ni kimo. Mji mkongwe umekaa kama ngazi: chini barabara na ufuko, katikati vichochoro, juu mteremko.

Chini kuna raha zake. Daladala na bajaji ziko mlangoni, samaki unamnunua akiwa bado anatikisa mkia, upepo haukupigi chenga. Gharama yake ni chumvi na kelele. Bati la geji 30 karibu na maji huanza kutoa kutu kwenye misumari kabla hujazoea majina ya majirani. La geji 28 ni nene zaidi na hudumu zaidi, kwa hiyo uliza ni geji gani na liliezekwa lini. Friji, pasi na televisheni huliwa kwa ndani. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba malori hupita kuelekea bandarini usiku kucha, na nyumba ya mawe yenye ufa husikia kila lori. Anayeamka alfajiri kwenda kazini Mtwara atasema chini ni bora, na hatumpingi, mradi awe ameuona ukuta wa nyuma saa kumi jioni ya bamvua.

Katikati ndiko kunakopendwa na wanaopiga picha. Vichochoro vina kivuli mchana mzima, kuta nene zinashika ubaridi, na sauti za watu zinakufikia kitandani. Huko tatizo ni kwamba kila kitu kinapita kwa miguu: jeneza, kitanda, mtungi wa gesi, mgonjwa. Pima njia kwa mikono kabla hujapima chumba. Halafu kuna choo. Nyumba nyingi zinategemea shimo, na gari la kunyonya maji taka haliingii kichochoroni. Mpira wake una mwisho. Hesabu hatua kutoka gari linapoweza kusimama mpaka kwenye mfuniko wa shimo, kisha kamuulize mwenye gari mpira wake una mita ngapi. Usimuulize mwenye nyumba. Na kama shimo liko karibu na ufuko, lifunue siku ya maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, ulifunue tena siku ya bamvua. Likiwa limepanda pasipo mtu kuongeza kitu, maji ya ardhini yanaingia na kutoka kadiri bahari inavyopumua, na hilo shimo halitajengeka likapona kwa kulipiga saruji juu.

Juu kuna upepo, usingizi na mandhari. Kuna pia ngazi, presha ndogo ya maji ya bomba, na bodaboda anayekushusha chini akisema pikipiki haipandi na mzigo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 na ushee. Familia ya watu watano inayotumia ndoo tano tu kwa siku inapandisha kilo mia moja kila siku, na anayezipandisha kwa kawaida si yule aliyechagua nyumba. Mwenye mama mzee au mjamzito nyumbani apande ile njia mwenyewe na ndoo moja kichwani kabla hajaamua.

Mvua ikikutana na bamvua

Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Watu wengi hutafuta nyumba kati ya Juni na Oktoba, kusi likivuma, vumbi kavu, kila ukuta ukionekana mzima. Anayelipa miezi sita mwezi Julai, mkataba wake unaisha kabla mvua haijachanganya. Akijisifu kwamba nyumba haivuji anasema kweli, ila hajaijaribu. Ukiweza, ingia Januari. Usipoweza, omba miezi mitatu kwanza, hata kama mwenye nyumba atanuna.

Sasa sikiliza jambo ambalo madalali hawalisemi. Mji huu unapokea maji ya kilima chote kwa mitaro na makorongo machache, na yote yanaishia baharini. Bahari ikiwa imekupwa, mvua kubwa hupita kwa kelele na kwisha. Bahari ikiwa imejaa, mdomo wa mtaro umezibwa na maji ya chumvi. Ya mvua hayana pa kwenda, yanarudi nyuma na kupanda vizingiti. Bamvua kubwa kuliko zote huja Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba. Septemba hakuna mvua, kwa hiyo watu hushuhudia maji yakilamba barabara wakapiga picha wakaenda zao. Machi na Aprili ndipo mambo mawili yanapokutana, na dhoruba ya saa tisa alasiri siku ya bamvua ndiyo inayotoa magodoro nje. Ongeza taka. Mtaro wenye chupa na mifuko unaanza kurudisha maji mapema zaidi, hata bahari ikiwa nusu.

Dalili zake hazifichiki kwa anayejua pa kutazama. Tazama ukuta wa nje kwenye kona, kwa sababu wanaopaka rangi husahau kona: mstari wa tope hubaki pale. Tazama mguu wa mlango wa choo cha uani. Mbao iliyolowa mara nyingi huwa nyeusi na laini sentimita chache za chini, na kisu kinaingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Viroba vya mchanga vilivyosukumwa nyuma ya nyumba vina maelezo yake. Soketi za umeme zilizohamishiwa juu kimo cha kifua zina maelezo pia. Kisha kaa kwenye baraza la jirani wa upande wa chini, si wa juu, umsalimie mzee wa pale kwa adabu, na mazungumzo yakishakolea uliza, "Mzee, mwaka wa mvua nyingi maji hufika wapi?" Atanyoosha fimbo akuonyeshe. Hiyo fimbo ina ukweli kuliko mkataba.

Kuhusu vimbunga, tusitishane wala tusijidanganye. Hutokea mara chache, lakini hutokea: Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Aprili 2019 watu wa Mtwara walihamishwa kwa tahadhari kabla kimbunga Kenneth hakijaelekea Msumbiji. Mei 2024 Hidaya ilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Ukiingia nyumbani panda darini au uchungulie chini ya paa, uone kama kenchi zimefungwa ukutani kwa waya mzito au bati la kufungia, au zimekalia tu ukuta kwa uzito wake. Fundi wa paa huifanya kazi hiyo ndani ya siku mbili, bila kuezua.

Ukuta, chokaa na boriti

Nyumba za zamani hapa ni za mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, kuta nene kama dhiraa na zaidi, na dari za boriti za mikoko. Upana wa chumba uliamuliwa na mti: boriti haivuki vizuri mita 3, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba kama jahazi. Samani za kisasa hazikuzingatiwa. Kitanda cha futi sita kwa sita ndani ya chumba cha mita 2 na nusu kinakuachia pembeni nafasi ya kupita kwa ubavu.

Kosa linaloua kuta hizi lina jina la heshima, ukarabati. Mwenye nyumba anaona lipu ya chokaa inadondoka, anamwita fundi, fundi anapiga lipu ya saruji, anamalizia kwa rangi ya mafuta. Mwaka wa kwanza nyumba inang'aa. Kinachoendelea ndani ni hiki: jiwe la matumbawe lina vitundu, linavuta maji ya chumvi kutoka ardhini kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Chokaa huyaachia maji yale yatoke na kukauka hewani. Saruji haiyaachii. Kwa hiyo yanaendelea kupanda mpaka yakute mahali pa kutokea, juu ya pale lipu mpya ilipoishia, na yakikauka chumvi inabaki, inavimba, inapasua uso wa ukuta. Ndio maana unaona nyumba imepigwa saruji mita moja kwenda juu, na uozo umehamia usawa wa dirisha. Fundi anaitwa tena, anapandisha saruji, na maji nayo yanapanda.

Jaribio lake ni la bure. Pitisha kiganja ukutani kimo cha goti, kisha kimo cha bega. Ukipata unga mweupe weka kidogo ulimini. Ukiwa na chumvi, unyevu unatoka ardhini. Usipokuwa na chumvi na ukuta umelowa kwa juu, paa au bomba linavuja, na hilo ni tatizo dogo zaidi. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole. Inayolia kama debe tupu imeshaachana na jiwe. Ukiona jipsam bodi zimesimamishwa ukutani chumba kizima ndani ya nyumba ya mawe, ujue kuna kitu kimefunikwa, na hela ya kukifunika itarudishwa kwenye kodi yako.

Kama nyumba ni nzuri kwa mengine na mwenye nyumba anasikiliza, dawa ipo. Lipu ya saruji inabanduliwa kuanzia chini mpaka nusu mita juu ya mstari wa unyevu, viungo vinakwanguliwa kwa brashi ngumu, ukuta unaachwa wazi ukauke angalau msimu mzima wa kusi. Halafu inapigwa lipu ya chokaa iliyolowekwa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, tabaka mbili tatu nyembamba, kila tabaka ikipewa siku kadhaa na kunyunyiziwa maji isikauke ghafla. Mchanga uwe wa mtoni au machimboni. Wa ufukweni una chumvi, unakuwa umefukuza mwizi mlangoni na kumwingiza dirishani. Mwisho ni kupaka chokaa nyeupe, kila mwaka kabla ya mvua. Kazi hii si ghali kwa vifaa, ni ghali kwa subira, na ndiyo sababu haifanyiki.

Boriti zinataka jicho lake. Mkoko haumpendezi mchwa, lakini ncha ya boriti iliyozikwa kwenye ukuta unaolowa huoza bila kelele. Chukua bisibisi, choma kila boriti pale inapoingia ukutani, si katikati. Ikizama zaidi ya sentimita moja, hesabu hiyo haipo. Kisha funga uzi kutoka ukuta hadi ukuta, shibiri moja chini ya dari, uvute mpaka ulie, utazame katikati pengo la uzi na dari limepungua kiasi gani kuliko ukutani. Upana wa kidole kwa dari ya zamani ni uzee wa kawaida. Upana wa kiganja ni kuondoka. Na hata dari ikiwa nzima, usiweke simtanki ghorofani. Lita 1,000 ni tani nzima imesimama juu ya boriti chache, usiku na mchana. Mtu aliyejenga dari ile aliwaza mikeka, kitanda cha kamba na wageni wa harusi.

Ufa nao usiuogope wala usiupuuze. Bandika kipande cha karatasi nyembamba kwa gundi juu yake, andika tarehe kwa penseli. Urudi baada ya wiki tatu, kama bado mnajadiliana bei. Karatasi nzima, ufa umelala. Karatasi imechanika, nyumba inatembea.

Nyumba hii ni ya nani hasa?

Hapa ndipo wapangaji waangalifu waliopima kila boriti huanguka. Nyumba ya mawe ya mji mkongwe mara chache ni ya mtu mmoja. Babu aliijenga au aliinunua, akafariki, watoto wakarithi, baadhi yao wakafariki, wajukuu wametawanyika Dar es Salaam, Unguja na Msumbiji. Anayekuonyesha funguo ni yule aliyebaki. Anaweza kuwa mkweli kabisa na bado asiwe na mamlaka. Mwezi wa nne anatokea ndugu kutoka mbali, hajaona hata senti, anataka nyumba iuzwe wagawane.

Omba kuona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Kama haipo, angalau kikao cha familia kilichoandikwa na kushuhudiwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, chenye majina na namba za simu za warithi wanaojulikana. Piga simu mbili tatu. Uliza pia kama nyumba ni wakfu, kwa sababu zipo, na nyumba ya wakfu haiuzwi. Mapato yake yana njia yake na msimamizi wake, kwa hiyo hela yako isiishie mfukoni mwa asiyehusika. Na kwa kuwa tuko kusini, miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, usimsahau mjomba. Karatasi zinaweza kuwa na majina ya watoto, lakini kikao kikikaa sauti ya mjomba inasikika. Kumtembelea mapema na kilo mbili za sukari ni adabu, na adabu hiyo imeokoa mikataba.

Mkataba uwe wa Kiswahili, nakala mbili, mbele ya mwenyekiti. Lipa kwa benki au kwa simu, kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba, uandike ni kodi ya miezi gani. Maneno "tengeneza tu, tutakatana kwenye kodi" yasikubaliwe mdomoni. Andikeni kazi gani, kwa shilingi ngapi, na inakatwa mwezi upi. Udalali huwa kodi ya mwezi mmoja. Mlipe dalali baada ya kupokea funguo, siyo baada ya kuonyeshwa.

Kuhusu mlango. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na inataja pia milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940. Maana yake kwa mpangaji ni kwamba mlango wa nakshi haubanduliwi ukauzwa kwa mtalii, hata mwenye nyumba akisema ni wake. Ukiingia, piga picha mlango, miimo na kizingiti siku ya kwanza, mtumie mwenye nyumba. Siku ya kutoka hakuna atakayekuuliza ua lile la kati limekwenda wapi.

Umeme na maji tutapita haraka. Uliza LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa nyumba nzima au kila mpangaji ana yake. Mita moja ya wapangaji wanne ni ugomvi wa kila wiki, hasa mmoja akiwa na friji la kuuza barafu. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, na nyumba ya ghorofa hukatwa zaidi ya nyumba ya kawaida, kwa hiyo mkubaliane nani anaibeba, maana kisheria ni ya mwenye nyumba. Bomba likiwepo, lifungue alfajiri na jioni, siyo mchana peke yake. Kisima cha uani kipimwe kwa sabuni: ukisugua na povu halitaki kuja, maji yana chumvi, yatakufaa chooni na kusugulia sakafu tu. Mvua ni mali. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 20 za mvua linakupa lita 1,200, lakini tanki likae chini, juu ya msingi wake.

Watu wa mtaa

Ukipanga nyumba yenye baraza umepanga pamoja na jioni za wengine. Wazee watakaa pale kucheza bao kama walivyokaa kabla hujazaliwa, na mama wa vitumbua ataweka jiko lake pembeni alfajiri. Ukizungushia nondo utabaki na baraza tupu na mtaa usiokujua. Anayetaka faragha achague nyumba inayofungukia uani, zipo, hasa vichochoroni.

Tembea mtaani mara tatu kabla ya kuamua: Ijumaa mchana, usiku wa saa tatu, na Jumamosi ya likizo za shule. Ijumaa utaona msikiti unavyojaa na kama njia yako inazibwa. Usiku utajua taa zipo wapi, mbwa wa nani, na kama bado unapata usafiri wa kurudi kutoka Mtwara, kwa sababu daladala hupungua giza likishaingia na bodaboda hupandisha bei. Likizo za Juni na Desemba ni msimu wa jando na unyago; ngoma hupigwa mpaka kuche. Mwenye kazi ya zamu, kwa mfano wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, apime hilo mapema kuliko kuja kulalamika kwa mjumbe akiwa mgeni wa wiki mbili. Kulalamikia ngoma Mikindani ni kazi isiyo na mshahara.

Msiba ukitokea, nenda, hata kama hujamjua marehemu. Usingoje kuitwa.

Wanaotafuta Lindi mjini, habari inafanana nusu. Kule mitaa ya zamani karibu na bandari imepangwa kwa mistari, nyumba nyingi za maduka chini na makazi juu, na tatizo kubwa ni nondo. Zege la zamani karibu na bahari hupasuka kwa ndani nondo zikishika kutu. Tazama chini ya roshani uone mistari ya rangi ya kahawia na vipande vinavyodondoka. Roshani ya namna hiyo usiitumie hata kuanikia nguo. Uzuri wa Lindi ni kwamba magari yanafika mlangoni.

Siku ya kuhamia Mikindani, njoo asubuhi ya maji mafu, ingia na vijana wanne na kamba. Kitanda kifunguliwe kabla ya kufika kichochoroni. Mlango wa zamani una mabawa mawili na ule mti wa katikati, mfaa, umepigiliwa kwenye bawa moja. Bawa lisilo na mfaa hufunguka kwanza, kwa ndani. Ukilisukuma lenye mfaa likiwa la kwanza utavunja komeo lenye umri wa babu yako. Fungua yote mawili, utapata upana wote. Friji bado halitapita? Toa mlango wa friji. Fundi atakayekuambia akate mwimo kidogo tu, mpe soda na umwambie akapumzike.